Nyavu Zilizovuka Mpaka

Simu ilipoingia nilikuwa nagombana na mteja. Alikuwa amemshika sangara wangu, anamnusa kwa mara ya tatu, na mimi namwambia kama kazi yake ni kunusa aende duka la manukato. Ilikuwa soko la Tarime, saa tatu asubuhi, na jua lilishaanza kuniharibia samaki. Nilipokea huku namtolea yule mama macho. Aliyepiga alikuwa nahodha wa boti ya kaka yangu, Mjaluo mpole ambaye hata injini ikizimika katikati ya ziwa hapandishi sauti. Siku hiyo alipandisha.

"Dada, tumekamatwa. Tuko Kenya, kituoni. Na aliyetuleta huku ni kaka yako mwenyewe."

"Amewaletaje?"

"Tumeiona boti ya doria, mimi nageuza tukimbie, yeye ananishika mkono. Anasema hapana, twende kwao tukawaambie nyavu zetu zimeingia huku. Dada, amewapungia mkono waje."

Simu ikakatika. Nilikaa juu ya ndoo ya samaki, na yule mteja, Mungu ambariki, akamrudisha sangara mezani taratibu na kuondoka bila neno.

Mtu ambaye hakuzaliwa kwetu angesema kaka yangu amechanganyikiwa. Mimi nilielewa palepale alichofanya. Sisi ni watu wa Itiryo. Shamba la baba yetu linaishia kwenye jiwe la mpaka, jiwe la saruji ambalo utotoni tulikuwa tunaanika nguo juu yake. Ng'ombe wetu walikuwa wanakula majani ya Kenya huku mikia ikifukuza nzi wa Tanzania. Na ng'ombe wakiibiwa, maana kwetu wanaibiwa sana, wanaume hufuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha watu, hamwingii kichwakichwa. Mnasimama, mnawaita wenyeji, mnawaonyesha: nyayo zetu zimeingia kwenu. Kuanzia hapo kazi ni yao. Ama wawaonyeshe zilipotokea kwenda mbele, ama walipe wao. Mtu anayefuata nyayo na kujitokeza mwenyewe kwa wenyeji haguswi. Anayejificha ndiye mwizi. Hata lile jiwe halijawahi kuzuia utaratibu huo, kwa kuwa Wakurya wa upande wa pili nao wanaufuata hivyohivyo.

Kaka yangu amefuata nyayo tangu hajaota ndevu. Maji hakuyajua. Hata kuogelea hajui mpaka leo, na ukimtania kuhusu hilo anakasirika kweli. Ni mimi niliyemwingiza ziwani. Zizi lake lilivunjwa mara mbili, na mara ya pili nilimkuta amekaa mlangoni kwake, ng'ombe wamebaki wanne, hasemi, hali. Mimi sina subira na mtu anayekaa hivyo. Nikamwambia uza hao wanne ununue boti, samaki hana mtu wa kumswaga usiku. Nilikuwa najua ninachosema, nimeuza samaki miaka mingi, nanunua kwenye mwalo wa kule Rorya, boti zinaposhusha samaki, na watu wananijua. Alikataa, nikamsema, alikataa tena, nikamsema mbele ya mkewe. Akauza.

Kule mwaloni walimcheka. Mkurya na ziwa wapi na wapi, walisema. Lakini alijifunza, na wale watu wakaanza kumheshimu kwa kuwa hakuwahi kugusa nyavu za mtu. Nyavu ziwani zinaibwa kuliko ng'ombe, na upepo nao ni mwizi wa aina yake. Mnatega jioni, asubuhi mnakuta zimeburutwa mpaka mahali pengine kabisa. Ndicho kilichowapata. Upepo ulizibeba nyavu zote kuelekea kaskazini, na yeye akazifuata kama anavyojua kufuata.

Nilifunga meza, nikampigia baba mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu baba yetu, mzee ambaye Itiryo nzima wakigombania ng'ombe wanamwita yeye akasikilize. Hakusema pole wala nini. Alisema, "Nisubiri Sirari," na nilipofika Sirari nikamkuta yeye ndiye ananisubiri, ameshika fimbo yake na koti amelifunga vifungo vyote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha tukavuka.

Njia nzima kwenda mji wa ziwani walikoshikiliwa sikuzungumza, na mimi kunyamaza si kawaida yangu. Nilikuwa nawaza kifua cha kaka. Kinambana tangu utoto. Akilala kwenye baridi siku mbili tu unasikia anavuta pumzi kwa mluzi. Nilimwona amelala kwenye sakafu ya saruji na watu asiowajua, na kila nikilifukuza wazo hilo linarudi.

Afisa wa uvuvi tuliyemkuta alikuwa mtu wa makamo, hana makuu, ana kikombe cha chai kilichopoa. Alitupa viti. Nilipomtaja kaka yangu aliguna.

"Mama, mimi tangu nianze hii kazi, watu hutoroka doria. Huyu wenu ndiye alitufukuza sisi. Tulidhani ako na shida, labda boti inazama. Kumbe anataka kuripoti."

"Si ndiyo hivyo," baba mdogo akasema. "Ameripoti. Kwa hiyo ana kosa gani?"

Yule afisa akatoa simu yake na kutuonyesha ramani. Maji yote ni ya buluu, na katikati kuna mstari mwembamba kama unywele. Akaweka kidole. Hapa ndipo mpaka, hapa ndipo boti yenu ilikuwa. Kati ya mstari na kidole chake palikuwa na nafasi ndogo kuliko ukucha wangu. Nilimwambia hivyo. Akasema kwenye maji hiyo ukucha ni mbali sana.

Baba mdogo alimweleza habari ya nyayo kuanzia mwanzo, bila haraka. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo nitamshukuru daima. Kisha akasema, "Mzee, naelewa. Lakini ng'ombe anaacha alama. Maji hayana alama. Mimi nitajuaje nyavu ziliingia zenyewe na si yeye alikuja kuzitega? Mvuvi yeyote nikimshika ataniambia ni upepo."

"Tafuta nyavu. Zikiwa huku, wavuvi wakiziona watakwambia kama zilitegwa au zililetwa na upepo."

"Boti iko moja na ziwa ni kubwa, mzee."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia sangara wanazaliwa kwetu kwenye matete, wanakuja kukua huku, mnawavua, mnawaleta Sirari nawanunua mimi. Samaki anavuka, pesa inavuka, mtu tu ndiye hapiti. Alicheka kidogo, si kwa dharau. Akasema wakubwa wa nchi zote tatu hukaa pamoja, wanaelewana tundu la nyavu liwe kiasi gani, samaki wadogo waachwe, lakini kwamba mtu wa huko avue huku, hilo hawajaelewana. "Na watu wetu pia wanashikwa kwenu," akasema. "Kila wiki napigiwa simu na mke wa mtu."

Kisha akatueleza mambo yalivyo. Kesi ingesomwa Jumatano. Mshtakiwa akikubali kwamba alivuka kuja kuvua, atatozwa faini, boti itachukuliwa, na atarudishwa kwao siku hiyohiyo. Akikataa, atakaa rumande kungoja kesi isikilizwe, na hakujua itasikilizwa lini.

Walituruhusu kumwona kaka kidogo. Alikuja peku, shati limechanika begani, na kabla hajafungua mdomo nilikwisha kuusikia ule mluzi kifuani. Alimwamkia baba mdogo kwanza. Mimi alinitazama kama mtu aliyeona aibu, na hilo liliniumiza kuliko ule mluzi.

"Nahodha na yule kijana mwingine wa boti wameamua kukubali," nikamwambia. "Na wewe kubali twende nyumbani."

"Nikubali nini? Kwamba niliiba?"

"Ukubali kwamba ulivuka."

"Hawasemi nilivuka. Wamenisomea. Wanasema niliingia kuvua samaki wao. Mimi nimefuata mali yangu na nikajitokeza." Akakohoa, akapumzika. "Tata, wewe unasemaje?" Tata ni baba kwa Kikurya, na baba mdogo kwetu ni baba.

Baba mdogo alisimama, akamwita kama wazee wetu wanavyomwita kijana. "Mura, kataa. Bora ukae ndani na jina lako. Nipe siku chache. Nitazunguka huku kwa wenzetu, kuna wazee nawajua, wana watoto wanaovua. Nyavu zipo mahali."

Nilimshika mkono yule mzee nje ya geti nikamlilia. Nilimwambia kaka hana kifua cha kumaliza hata wiki mle ndani. Nilimwambia wewe unalinda jina, mimi nalinda mtu. Alinijibu kwamba mtu akishasema mwenyewe mbele ya watu kwamba ni mwizi, hakuna wa kumtoa kwenye hilo, hata akifa. Kisha akapanda bodaboda akaenda kutafuta wazee wake, na simu yake akaizima, maana huwa anaizima ili chaji isiishe. Kesho yake, Jumanne, nilimpigia kutwa nzima. Haipatikani.

Jumatano niliwahi mahakamani kabla hata hawajafungua mlango. Nilikaa kwenye benchi la nje na mwanamke mmoja wa huko ambaye naye alikuwa muuza samaki. Tulijuana kwa harufu, nadhani. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake akaniuliza wangu amefanya nini. Nikamweleza.

"Wangu ako ndani kwenu, Tanzania," akasema. "Yeye pia alikataa. Alisema hakuwa anaiba, upepo ndio ulimpeleka. Sasa kesi inasongeshwa mbele tu. Nimeenda huko mpaka nimechoka. Mara ya mwisho nilimpata amekonda, hata hakuniuliza watoto. Ananiangalia tu."

Niliweka kikombe chini.

"Mwambie akubali," akasema. "Akuje nyumbani. Hayo mengine mtaongea akiwa hai."

Walipowaleta washtakiwa nilimwomba askari aniache niseme na kaka yangu maneno mawili. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Sikuwa nimepanga kusema nililolisema, lakini pia siwezi kudai liliniponyoka, kwa sababu nilimtazama machoni.

"Baba mdogo amenipigia," nikasema. "Amekaa na wazee. Wamesema ukubali. Wamesema kwao haitahesabika kuwa ni wizi."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Maisha yangu yote nimemsema, nimemfokea, nimemcheka, lakini sikuwahi kumdanganya, na ndiyo maana aliniamini.

Karani alisoma mashtaka. Nahodha akasema ni kweli. Mwenzake akasema ni kweli. Zamu ya kaka ilipofika alinyamaza mpaka hakimu akainua kichwa. Akasema, "Ni kweli." Aliulizwa tena kama ameelewa, akasema ameelewa. Yule mwanamke wa benchi alinibana mkono. Faini tulilipa kwa kuchanga, na saa tisa mchana tulikuwa tunavuka kurudi Sirari.

Ningepaswa kufurahi. Nilimnunulia kaka viatu vya plastiki na soda, akanywa, akawa anazungumza na nahodha habari ya injini kama watu waliotoka safari ya kawaida. Nilikuwa namwomba Mungu baba mdogo awe bado huko kwa wazee wake, apotee hata mwezi. Nilipanga kumwahi kwa simu, nimweleze, nimpigie magoti. Haipatikani.

Tulimkuta Itiryo, amekaa nje ya nyumba yake. Alikuwa amerudi mchana uleule. Alipomwona kaka anaingia uani aliinuka haraka mno kwa mzee wa umri wake, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Kaka akainama, akamwamkia. Kisha akasema:

"Tata, nimesema kama ulivyoagiza. Ilikuwa ngumu, lakini kwa kuwa ni wewe na wazee, nimesema."

Ile furaha ikaondoka. Mzee alinigeukia. Sikuweza kumtazama, nilitazama viatu vipya vya kaka, vimeshapata vumbi. Nilijua akisema neno moja tu, kaka yangu atakuwa mwizi kwa ulimi wake mwenyewe, tena ameuzwa na dada yake. Shangazi alikuwa anatwanga nyuma ya jiko, niliusikia mchi.

"Ndiyo," baba mdogo akasema. "Niliagiza. Nenda kaoge, mura."

Kaka alipumua, kwa mluzi, akaenda kuoga. Mzee akakaa chini, akaiegemea fimbo yake kwa mikono miwili. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Nyavu zimepatikana," akasema. "Zimeokotwa na watu wa mwalo mmoja huko huko. Zimeshikana na miti na majani, hakuna aliyezitega hivyo. Wamezianika, wamezihifadhi, wanamtafuta mwenyewe. Wavuvi wanne walikubali kuja kwa yule afisa na mahakamani kusema hivyo, keshokutwa. Ijumaa. Na boti angerudishiwa."

Nilimuuliza tufanye nini. Tumwambie?

"Umwambie nini? Kwamba alikuwa na haki na watu walikuwepo wa kusema hivyo, sisi ndio tukamfanya aseme ni mwizi? Leo atalala akijua wazee walikubali. Mwache na hilo."

"Na nyavu?"

Aliingiza mkono mfukoni. Nami nikaelewa kabla hajajibu. Nyavu zikirudi, kaka atauliza zilikuwa wapi, nani alizishika, lini. Siyo mjinga. Ataunganisha siku mpaka agundue kwamba Ijumaa kulikuwa na watu wa kumtetea.

Baba mdogo akatoa kikaratasi mfukoni, namba ya mwenyekiti wa mwalo ule. Alinipa mimi. Kaka alikuwa bado bafuni, maji nayasikia yanamwagika kwenye ndoo. Nikapiga. Alipokea mwanamume mwenye sauti nzuri, akanisalimia vizuri, akaniuliza kama jamaa yetu ameachiliwa. Nikamwambia ameachiliwa, ashukuriwe Mungu. Nikamwambia pia kwamba tumeulizia vizuri, zile nyavu mlizookota si zetu.

"Pole, mama, tulidhani ni zake," akasema. "Basi ni sawa. Tutaendelea kumtafuta mwenyewe."